Pwani ya Domburg na Mawe Yake

Watu wengi wakisikia jina la Uholanzi hufikiri habari za maziwa, na jibini, na vinu vya upepo. Sisi nasi tulifikiri hivyo tangu siku za shule. Hata tulipojaliwa kufika katika nchi ile, wenyeji waliotukaribisha wakatuuliza tungependa kuona nini. Tukawajibu kwamba twataka kuona bahari, maana tulikwisha kusoma ya kuwa watu wa nchi ile hushindana na bahari tangu kale. Wakacheka, wakasema, "Mwalimu, mwezi huu wa Novemba hakuna mtu aendaye pwani." Walakini wakatupeleka.

Mahali penyewe paitwa Domburg, ni kijiji katika jimbo la Zeeland, na maana ya jina hilo ni Nchi ya Bahari. Kijiji hiki ki katika Walcheren, ambayo zamani ilikuwa kisiwa kabisa, hata mwaka 1871 likajengwa tuta la kuiunganisha na nchi iliyo mashariki yake ili gari la moshi lipate kupita. Leo mgeni aweza kuingia Walcheren asijue kwamba ameingia kisiwani.

Ukitoka kijijini wapanda kilima cha mchanga kilichoota majani makavu makali, na ukifika juu waiona bahari ghafula. Si bahari kama yetu. Rangi yake ni ya kijivu, mfano wa maji yaliyooshewa sufuria, na upepo wake waingia mpaka katika mifupa. Hakuna mnazi, hakuna ngalawa, hakuna wanawake wenye kutanda dagaa. Wakati wa joto pwani hii hujaa watu na vibanda vya mbao, lakini siku ile tuliona watu watatu tu, na mmoja wao alikuwa akitembeza mbwa. Palikuwa kimya, ila sauti ya mawimbi. Hata hivyo jambo moja lilitukumbusha kwetu, nalo ni maji kupwa na kujaa, kwa kuwa tofauti yake huko yapita mita 3, karibu sawa na bamvua letu.

Tukaona pia safu za magogo yaliyopigwa katika mchanga, mbili mbili, zikitoka ufuoni na kuingia majini. Tukadhani ni masalia ya gati lililovunjika. Kumbe sivyo. Magogo yale yamewekwa makusudi kuupunguzia nguvu mkondo wa maji upitao kando ya pwani, usichukue mchanga. Na yale majani makali ya juu ya kilima hupandwa kwa mikono, kama mtu apandavyo mpunga, ili mizizi yake iushike mchanga usipeperuke. Vilima vile vya mchanga ndivyo ukuta wa nchi. Nyuma yake mashamba yako chini kuliko maji ya bahari yakijaa. Kwa hiyo mchanga ukiondoka, nchi yaondoka.

Sasa tuwaeleze mambo yaliyoonekana pwani hiyo, kwa maana bahari ile ni mwizi, lakini mara nyingine hurudisha alichoiba.

Katika mwezi wa Januari mwaka 1647, baada ya pepo kali, watu wa Domburg waliposhuka pwani waliona mchanga umeondolewa na maji, na mahali pake pametokea misingi ya jengo na mawe mengi yaliyochongwa. Juu ya mawe yale palikuwa na sura ya mwanamke ameketi, amevaa kitambaa mabegani, kikapu cha matunda kando yake au mapajani, na upande wa pili mbwa ameketi akimtazama. Katika mawe mengine mwanamke huyo ameweka mguu wake juu ya omo ya chombo. Chini yake maneno ya Kilatini. Wenye elimu waliposoma waliona jina ambalo hakuna mtu aliyekuwa akilikumbuka tena: Nehalennia.

Huyo alikuwa mungu wa kike wa watu wa pwani ile wakati wa utawala wa Warumi, na jengo lile lilikuwa hekalu lake. Mawe yalikuwa madhabahu zilizowekwa na wafanya biashara kwa kutimiza nadhiri. Mtu alipotaka kuvuka kwenda Uingereza na shehena yake, alifika hekaluni akaahidi kwamba akirudi salama atasimamisha jiwe. Aliporudi, akalipa fundi, jiwe likachongwa. Madhabahu zilizoonekana Domburg kwa ajili ya Nehalennia ni zaidi ya 20, na zilikuwamo pia za miungu mingine, kama Neptuno, mungu wa bahari wa Warumi.

Watu walidhani mambo yamekwisha hapo. Lakini mwaka 1970 mvuvi mmoja, akivuta jarife lake katika mlango wa bahari uitwao Oosterschelde, karibu na kijiji cha Colijnsplaat, alipandisha vipande vya mawe namna ile ile. Wapiga mbizi wakashuka, na katika miaka iliyofuata madhabahu na vipande vyake zaidi ya 300 vikatolewa majini. Palikuwa na hekalu la pili, na mji wake, jina lake Ganuenta, vyote vimezama. Baadhi ya mawe yameandikwa majina ya wenye serikali wa mwaka ule, ndiyo desturi ya Warumi ya kuhesabu miaka, na kwa hiyo twajua kwamba yalisimamishwa kati ya mwaka 188 na mwaka 227 baada ya Kristo. Kisha, katika karne ile ile ya tatu, nchi ikaanza kuliwa na maji, watu wakahama, wala hapakuwa na mtu wa kuweka nadhiri tena.

Sisi tuliyatazama mawe yale katika nyumba za makumbusho, na lililotushangaza si sura ya mungu, bali watu walioyaweka. Hawa si wafalme wala majemadari. Huyu ni mwuza chumvi. Huyu ni mwuza mchuzi wa samaki waliochachushwa, chakula walichokipenda sana Warumi. Yule ni mwenye merikebu. Mmoja aliyeweka jiwe lake Domburg ni Marcus Secundinius Silvanus, aliyekuwa akipeleka vyombo vya udongo Uingereza, naye ameandika kwamba alilipa nadhiri yake kwa sababu bidhaa zake zilihifadhiwa vema. Vyombo vya udongo! Mtu yeyote aliyewahi kubeba mitungi kutoka kwa mfinyanzi mpaka sokoni katika njia mbaya atamfahamu Silvanus bila kufundishwa Kilatini.

Labda msomaji atauliza Wakristo wa Domburg waliyafanya nini mawe ya mungu wa kipagani. Waliyaweka kanisani. Tulipoambiwa hivyo tulishangaa kidogo, maana katika vijiji vyetu vitu vya namna hii vilichomwa moto au vilitupwa mtoni, na tumewahi kusikia wazee wakijuta baadaye kwamba havikubaki hata vya kuwaonyesha wajukuu. Twadhani watu wa Domburg waliyaweka kanisani kwa kuwa ndilo jengo imara kuliko yote, wala hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa na nia ya kuyasujudia. Lakini mwaka 1848 radi ililipiga kanisa lile, likawaka moto, na mawe mengi yakapasuka. Mabaki yake yamo katika makumbusho ya Middelburg, mji mkuu wa jimbo. Kwa bahati njema watu wa zamani walikuwa wamekwisha kuyachora, na michoro ile yatueleza mengi ambayo mawe yenyewe hayawezi kueleza tena.

Na pwani hiyo hiyo ina habari ya mtu aliyefanya kinyume. Mwaka 690 alivuka kutoka ng'ambo ya bahari Willibrord, mtu wa Uingereza, pamoja na wenzake kumi na mmoja, kuwahubiri Wafrisia, ndio watu waliokaa pwani hiyo wakati huo. Alcuin, mtu wa jamaa yake aliyeandika maisha yake zaidi ya miaka 50 baada ya kufa kwake, asimulia kwamba Willibrord alifika Walcheren, akakuta sanamu, akaivunja mbele ya mlinzi wake. Mlinzi akachomoa upanga akampiga kichwani, lakini hakumdhuru. Wenzake Willibrord wakataka kumwua mlinzi yule, naye akawakataza, akamwacha aende zake. Na baada ya siku tatu mlinzi akafa. Watu wengi wamesema kwamba jambo hilo lilitendeka Westkapelle, kijiji kilicho mwendo mfupi kusini-magharibi ya Domburg. Msomaji mwenye akili ataona kwamba Alcuin hakuwapo, na kwamba aliandika ili kumsifu mtakatifu. Sisi, tukiisoma, twapenda zaidi ile sehemu ya katikati, ya mtu aliyepigwa upanga akawazuia rafiki zake wasilipize. Tena twaomba msomaji asiunganishe haraka sanamu hiyo na Nehalennia. Kati ya jiwe la mwisho lenye tarehe na kuja kwa Willibrord imepita miaka zaidi ya 450.

Mwaka 1687 mchanga uliondoka tena, na safari hii yakaonekana majeneza ya mbao na mifupa ya watu, na fedha ndogo ndogo, na vifungo vya nguo. Haya hayakuwa ya Warumi. Yalikuwa ya mji mwingine wa biashara uliosimama hapo karibu na siku za Willibrord na baada yake, nao ukaangamia vilevile. Mwaka 837 Wadenmark walishuka Walcheren na merikebu zao, wakawaua wakuu wake, wakateka watu na kutoza kodi. Basi katika ufuo mmoja, mahali ambapo sisi tuliona mtu na mbwa wake tu, imelala miji miwili, wa kwanza na wa pili, na hakuna hata mmoja wa kusimama.

Hapa twaomba ruhusa kueleza neno ambalo wenyeji wetu hawakulianza wao, ila tulipouliza hawakutuficha. Nyuma ya vilima vya Domburg kuna msitu mzuri, na ndani yake majumba makubwa yenye bustani. Mengi katika majumba ya namna hii yalijengwa na matajiri wa Middelburg, waliotaka kupumzika karibu na bahari. Utajiri wao ulitoka wapi? Ulitoka katika biashara nyingi, na mojawapo ni biashara ya watu. Mwaka 1720 ilianzishwa Middelburg kampuni iitwayo Middelburgsche Commercie Compagnie. Kampuni hii ilituma safari 113 za kwenda pwani ya Afrika ya Magharibi kununua watu, kuwavusha mpaka Amerika na visiwa vyake, na kurudi Zeeland na sukari na kahawa. Watu waliochukuliwa hivyo ni kama 31,000. Merikebu moja iliyotoka mwaka 1761 ikarudi mwaka 1763 iliitwa Eenigheid, na maana ya jina hilo ni Umoja.

Karani wa kampuni ile walikuwa hodari wa kuandika. Wameandika bei, wameandika mapipa ya maharagwe, wameandika siku mtu alipokufa na ugonjwa uliomwua. Lakini jina lake hawakuliandika. Huhesabiwa mwanamume mmoja, mwanamke mmoja, mtoto mmoja. Daftari zao zimehifadhiwa mpaka leo, na mwaka 2011 shirika la UNESCO liliziweka katika orodha ya maandishi ambayo dunia nzima yapasa kuyakumbuka. Tulipokuwa tukiambiwa hayo tulimkumbuka Silvanus na jiwe lake la kushukuru kwamba bidhaa zilifika salama. Yeye alishukuru kwa ajili ya mitungi. Sisi ambao vijiji vyetu viko kando ya njia ya zamani ya Bagamoyo, na babu zetu walikuwa wakisimuliwa habari za minyororo, na soko la watumwa la Unguja ambalo halikufungwa mpaka mwaka 1873, hatukuweza kupita mbele ya majumba yale kama wapitavyo wageni wengine. Uholanzi ilikataza kuuza watu mwaka 1814, lakini utumwa wenyewe katika makoloni yake ya Amerika ulikomeshwa mwaka 1863. Tangu mwaka 2005 pana ukumbusho wa watumwa katika uwanja mmoja mjini Middelburg. Wenyeji wetu walitupeleka, tukasimama kimya, na mama wa nyumba akatushika mkono.

Habari za wageni wa kuoga baharini hazitatuchukua muda mrefu. Zilianza Domburg mwaka 1834, wakati matabibu walipokuwa wakisema kwamba maji ya chumvi ni dawa. Baadaye akaja daktari Johann Georg Mezger, mwenye sifa ya kukanda viungo vya watu, na nyuma yake wakaja watu wa nyumba za wafalme ili wakandwe. Wakaja na wachoraji, kama Jan Toorop na Piet Mondrian, waliosema kwamba nuru ya pwani ile haina mfano. Mondrian alichora mnara wa kanisa, na vilima vya mchanga, na magogo yale yale tuliyodhani ni gati, hata picha zake zikawa mistari mitupu. Tuliona mojawapo katika kitabu. Hatukuifahamu, lakini baada ya kuona magogo yenyewe tuliifahamu kidogo.

Lakini habari ya Westkapelle yapasa kuelezwa polepole. Hapo vilima vya mchanga vimekatika, na kwa mamia ya miaka watu wameziba pengo kwa tuta kubwa la udongo na mawe. Watu wa Westkapelle walikuwa mafundi wa tuta, baba kwa mwana. Katika vita kuu ya pili Wajerumani waliishika Walcheren na kuweka mizinga juu ya pwani. Mwezi wa Septemba mwaka 1944 majeshi ya Waingereza na rafiki zao yaliukomboa mji wa Antwerpen wenye bandari kubwa, lakini meli haikuweza kufika huko, kwa kuwa mlango wa mto Schelde hupita chini ya mizinga ile. Wakuu wa vita wakaamua kulivunja tuta, ili bahari iingie kisiwani na kuwafukuza adui.

Karatasi zilidondoshwa na ndege kuwaonya watu waondoke. Waondoke waende wapi? Walikuwa kisiwani, katikati ya vita. Tarehe 3 Oktoba ndege za Uingereza zilikuja zikalipiga tuta kwa mabomu hata likabomoka, na kijiji pamoja nalo. Watu zaidi ya 150 wa Westkapelle walikufa. Baadhi yao walikuwa wamekimbilia katika kinu cha upepo; kinu kikawaangukia wasiweze kutoka, na maji yakaingia taratibu pamoja na kujaa kwa bahari. Matuta mengine yalivunjwa pia. Tarehe 1 Novemba askari wakashuka pwani, na baada ya siku chache Wajerumani wakashindwa. Kabla ya mwezi kwisha meli zikafika Antwerpen.

Tangu hapo, mwaka mzima, maji ya chumvi yaliingia na kutoka mashambani mara mbili kila siku. Miti ikafa. Watu waliishi katika sehemu za juu, na chini ya nyumba zao maji yalikuwa yakipwa na kujaa. Pengo la Westkapelle lilizibwa mwezi wa Oktoba mwaka 1945, na baadhi ya vitu vilivyolizibia ni masanduku makubwa ya saruji yaliyokuwa yametengenezwa kwa kazi ya vita. Tulimwuliza mwenyeji wetu kama watu wa Westkapelle wanawachukia Waingereza. Akafikiri sana, kisha akasema kwamba kila mwaka huwakumbuka askari waliokufa pwani, na kila mwaka huwakumbuka waliokufa kinuni. Hakuongeza neno, nasi hatukuuliza tena. Juu ya tuta la sasa kimesimama kifaru kimoja cha vita, na watoto hukipanda.

Mnara wa taa wa Westkapelle nao ni mnara wa kanisa. Kanisa lake liliungua mwaka 1831, mnara wa karne ya kumi na tano ukabaki peke yake, nao uliwaongoza mabaharia tangu kabla ya moto ule. Tulipokuwa tukirudi Domburg jioni taa yake ilikuwa imekwisha kuwashwa.

Watu wa Zeeland walijaribiwa tena usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari mwaka 1953, wakati dhoruba na maji makuu yalipovunja matuta ya sehemu nyingi za kusini-magharibi ya Uholanzi, wakafa watu 1,836. Baada ya hapo serikali iliifunga milango ya bahari mmoja baada ya mmoja. Ule wa Oosterschelde, alikovulia yule mvuvi wa mawe, haukuzibwa kabisa kwa sababu wavuvi na wapenda viumbe wa bahari walikataa; ukawekewa malango 62 ya chuma ambayo hushushwa wakati wa dhoruba tu. Kazi hiyo ilifunguliwa rasmi mwaka 1986.

Na pwani ya Domburg? Tulipokuwa tukishuka mara ya mwisho tulimwambia mwenyeji wetu kwamba, kwa kadiri tulivyosoma, mchanga ungalikuwa umekwisha kuondoka zamani. Akasema ni kweli. Tangu mwaka 1990 nchi yao imeamua kwamba ukingo wa bahari usirudi nyuma tena, na kwa hiyo meli huchota mchanga mbali baharini na kuumwaga pwani kwa mabomba, mita za ujazo mamilioni kwa mwaka katika pwani yote. Akapiga mguu chini, akasema, "Mchanga huu mwaukanyaga, mwingi wake ulikuja kwa meli." Tukainama tukauchukua mkononi. Ulikuwa na vipande vya kombe, kama wetu. Kisha maji yakaanza kujaa, yakayafunika magogo ya mbele, nasi tukarudi nyumbani kunywa mchuzi wa dengu za kijani, mzito hata kijiko chaweza kusimama ndani yake.